Fundi Akitoka Kifungoni, Nani Atampokea?

Maneno ya Kamati ya Elimu yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya elimu na kazi za ufundi wanazofundishwa vijana walio kifungoni. Twajua kwamba baadhi yenu mlipoona jambo hili katika orodha ya mkutano mliulizana: chama cha wafanyi kazi kina shughuli gani na jela? Mishahara haitoshi, nauli imepanda, na mapatano yetu na waajiri yangali mezani. Mbona Kamati ya Elimu yatuletea habari za wafungwa?

Hilo ni swali la haki, nasi twalijibu kabla ya mengine yote. Kijana akifundishwa useremala ndani ya kuta za jela, mafundisho yale hayaishii jelani. Yaishia kwenye mlango wa karakana, kwenye lango la kiwanda, na mahali pa ujenzi. Na penye lango hilo tumesimama sisi. Sisi ndio tutakaofanya kazi pamoja naye, au tutakaomkataa. Sisi ndio tutakaomwona akilipwa nusu ya mshahara wetu kwa sababu hana pa kulalamikia, kisha mwajiri aitumie nusu ile kutupunguzia sisi. Basi jambo hili ni la chama, kama vile mshahara ulivyo wa chama.

VIJANA HAWA NI NANI, NAO WAKO WAPI

Walio chini ya miaka 18 sheria huwahesabu kuwa watoto. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema mtoto asizuiliwe ila iwe ndiyo njia ya mwisho. Na akizuiliwa, iwe kwa muda mfupi unaofaa, naye atengwe na watu wazima. Tena Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri ambao mtu aweza kushtakiwa kwa kosa la jinai, kutoka miaka 8 hadi miaka 12. Hilo ni jambo jema, na lilichelewa.

Baadhi ya watoto hawa mahakama huwapeleka katika shule za marekebisho, kama vile Kabete, Wamumu, Othaya na Likoni kwa wavulana, na Dagoretti na Kirigiti kwa wasichana. Wenye miaka 15 na zaidi, lakini hawajatimiza 18, waweza kupelekwa Borstal, kwa muda usiozidi miaka 3. Borstal za wavulana ni Shikusa, upande wa Kakamega, na Shimo la Tewa huko pwani. Ya wasichana ni Kamae, katika eneo la Kamiti. Jina hilo la Borstal ni jina la kijiji kule Kent, Uingereza, mahali ambapo mpango wa namna hii ulianzia mwanzoni mwa karne iliyopita. Waingereza wenyewe waliufuta kwa sheria ya 1982. Sisi tungali na jina.

Tena kuna kituo cha mafunzo ya vijana huko Kamiti, ambako kijana aliye chini ya miaka 21 hupelekwa kwa hukumu ya miezi 4. Na vijana wengine waliokwisha kutimiza miaka 18 huingia katika magereza ya watu wazima, wakala na kulala pamoja na watu wenye umri wa baba zao.

Mahali kama hapa vijana husoma masomo ya darasani, na wengine hufanya mitihani ya taifa wakiwa humo humo. Hufundishwa pia kazi za mikono: useremala, uwashi, ushonaji, kuchomelea vyuma, na kilimo. Wako walimu wema wanaojitahidi, na maaskari wa magereza ambao wao wenyewe ni mafundi. Hatukuja hapa kuwatukana. Twataka kutazama kazi yao yaishia wapi.

CHAMA CHAJUA JELA

Ndugu, tusijifanye watu ambao hawajaiona jela. Makhan Singh, aliyeanzisha chama cha wafanyi kazi hapa Kenya mwaka 1935, alikamatwa Mei 1950, na hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Aliwekwa Lokitaung, Maralal na Dol Dol. Fred Kubai, aliyekuwa rais wa chama cha East African Trade Union Congress, alikamatwa wakati huo huo wa 1950, akahukumiwa tena Kapenguria mwaka 1953. Wala hawakuwa peke yao. Katika kambi za kizuizi za miaka ile wafungwa walianzisha madarasa wao kwa wao. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua.

Hatusemi kwamba kijana aliyeiba simu ni sawa na Makhan Singh. Yule alifungwa kwa ajili ya haki ya wafanyi kazi, na huyu amemkosea mtu, pengine amemkosea mfanyi kazi mwenzetu. Twasema jambo moja tu: wazee wetu walionyesha kwamba siku za kifungo zaweza kuwa siku za kujifunza, na kwamba mtu aweza kutoka jela akafanya kazi ya maana. Chama kilichozaliwa na watu wa namna hiyo hakiwezi kusema kwamba mlango wa jela ukifungwa, mtu amekwisha.

KABETE NA WAMUMU

Tutazame historia ya kwetu wenyewe. Pale Kabete, tangu yapata mwaka 1910, palikuwa na nyumba ya kurekebisha vijana waliohukumiwa. Na mwaka 1924 ilianzishwa huko huko Kabete shule ya ufundi ya Serikali, Native Industrial Training Depot, ambayo siku hizi ni Kabete National Polytechnic. Basi katika Kabete moja palikuwa na namna mbili za kijana kushika randa. Mmoja aliishika kwa sababu amechaguliwa kuwa fundi, na mwingine kwa sababu amehukumiwa. Mbao ni zile zile, na patasi hukata namna moja. Lakini yule wa kwanza alitoka akiitwa fundi, na yule wa pili alitoka akiitwa mtoto wa jela. Tofauti hiyo ingali nasi mpaka leo.

Mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, Serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya vijana huko Wamumu, katika nchi ya Mwea, ikaleta huko wavulana waliokuwa kizuizini Manyani. Wengi wao hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Hatuusifu ukoloni hata kidogo. Kumfunga mtoto bila hukumu ni dhuluma, na kumfundisha useremala baadaye hakuifuti dhuluma hiyo. Tena Serikali ile iliwatumia vijana wale kujitangazia sifa.

Hata hivyo liko jambo moja la kujifunza. Vijana wa Wamumu walifundishwa kusoma, wakafundishwa ufundi, kisha maafisa wakawatafutia kazi kwa waajiri. Yaani mafunzo hayakukatwa pale langoni. Mmoja wa maafisa wale, Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ndio walioanzisha Starehe, Nairobi, mwaka 1959, kwa ajili ya vijana maskini wa mitaani. Ikiwa Serikali isiyotupenda iliweza kuona kwamba kijana mwenye ufundi lazima apate na mahali pa kuufanyia kazi, sisi tulio huru tutasemaje?

TUHESABU SIKU

Sasa tutazame mafunzo yenyewe kwa macho ya fundi.

Kijana aliyehukumiwa miezi 4 ana majuma 17 hivi. Tuseme afanya kazi siku 5 kwa juma: hizo ni siku 85. Tuseme nusu ya siku ni ya karakana, na nusu nyingine ni ya darasa na kazi za usafi na shamba. Zabaki siku 42 na nusu za ufundi. Ondoa siku za kuhesabiwa, za kuugua, na za mbao kuchelewa kuja. Ndugu maseremala mlio hapa, mwaweza kumfundisha mtu nini kwa siku arobaini? Mtamfundisha kushika msumeno, kupiga randa, kupima kwa mraba, na kuunga kona moja au mbili. Huo ni mwanzo mwema. Lakini kumwambia kwamba yeye ni fundi ni kumdanganya. Atakwenda kuomba kazi, atapewa ubao, na kabla ya saa sita mchana ataaibika.

Kwa hiyo kwa kijana wa miezi 4 linalotakiwa ni kumwanzishia kazi hapo, kisha amalizie nje, katika chuo cha ufundi au kwa fundi anayejulikana. Na kwa yule wa miaka 3 hatutaki udhuru. Miaka 3 yatosha kumfanya kijana kuwa fundi kamili, ikiwa zana zipo, mwalimu yupo, na mbao zipo. Akitoka baada ya miaka 3 bila cheti, kosa si lake.

Tena kuna wale wa mahabusu. Kijana aweza kukaa rimandi miezi mingi akingoja kesi yake imalizwe, bila kuandikwa katika mafunzo yoyote, kwa sababu hajulikani atakaa hadi lini. Huenda mwishowe aambiwe kwamba hana hatia, arudi nyumbani akiwa amepoteza mwaka mzima wa shule. Katiba, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya elimu. Haikusema kila mtu ila aliye rimandi.

Na tuseme neno juu ya wasichana. Pasiwe na mtu wa kuwapa sindano na uzi kisha adhani amemaliza. Ushonaji ni kazi ya heshima, na wako wanachama wetu wanaolisha watoto kwa cherehani. Lakini msichana anayetaka kujifunza nyaya za umeme au kuchomelea vyuma apewe nafasi hiyo, kwa kuwa kazi zile zina malipo, na mikono yake haina ila.

CHETI KISIWE NA ALAMA YA PINGU

Mnajua wote mtihani wa ufundi wa Serikali: Gredi ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza. Mtihani huo uko chini ya Halmashauri ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo tumezoea kuiita NITA, na jina hilo ilipewa mwaka 2011. Mwajiri haulizi mwalimu wako ni nani, auliza gredi. Basi kila kijana aliyefundishwa ufundi kifungoni sharti afanyiwe mtihani huo huo, na msimamizi yule yule, kwa kipimo kile kile. Asipewe karatasi ya jela yenye muhuri mzuri ambayo hakuna karakana inayoitambua. Karatasi ya namna hiyo humpendeza mgeni wa siku ya sherehe, lakini mwenyewe akiitoa mfukoni mbele ya mwajiri imemshtaki tayari.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Tarehe 14 Desemba 1990 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni juu ya vijana walionyimwa uhuru wao, na kanuni ya 40 yasema kwamba vyeti wanavyopata humo visionyeshe kwa namna yoyote kwamba mtoto alikuwa kifungoni. Angalieni busara ya neno hilo. Waliona kwamba cheti kilichoandikwa jina la jela ni hukumu ya pili.

Hapa chama kina nguvu, ndugu. Katika bodi ya NITA wafanyi kazi wana viti vyao, kama vile waajiri walivyo na vyao. Wenzetu wanaokaa viti hivyo wanakwenda kusema kwa niaba yetu. Basi tuwape neno la kusema.

NJE YA LANGO

Tuchukue mfano. Kijana ametoka Shikusa asubuhi. Ana Gredi ya Tatu ya uwashi mfukoni. Hana mwiko, hana timazi, hana futi ya kupimia, wala nauli ya kwenda kutafuta kazi mahali ambapo hakuna anayemjua. Akifika mahali pa ujenzi aambiwa aje na zana zake. Akienda kiwandani aambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka polisi. Ikiwa alihukumiwa akiwa mtu mzima, kesi yake yaweza kuonekana humo, nalo lango hufungwa papo hapo. Ikiwa alikuwa mtoto, anayempeleleza huuliza kijijini, na kijiji hakisahau.

Sheria ya Kazi ya 2007, katika kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila lake, dini yake, jinsia yake, ulemavu wake, na mambo mengine yaliyotajwa. Isomeni orodha ile yote. Hamtaona mahali palipotajwa mtu aliyemaliza kifungo chake. Huyo amepitwa. Hatusemi kwamba benki ilazimishwe kumpa ufunguo mtu aliyeiba benki. Twasema kwamba kijana aliyepigana sokoni akiwa na miaka 16 asikataliwe kupiga plasta ukutani akiwa na miaka 22.

Na tufikirie aendako akikataliwa. Wale aliowaacha mtaani hawamwombi cheti cha tabia njema. Wao humpokea siku ile ile.

HOFU YA KAZI RAHISI

Sasa twaja kwa hofu ambayo mwanachama wa kweli lazima awe nayo. Je, ufundi wa jela hautatumiwa kushusha mishahara? Twajibu: waweza, tukilala.

Mfungwa hulipwa kidogo mno. Katika kanuni za magereza malipo yake yalihesabiwa kwa senti kwa siku, wala si kwa shilingi. Karakana za magereza hutengeneza meza, viti na sare, na Kamiti hutengeneza namba za magari. Kazi ya kufundishia, na kazi ya Serikali kujitengenezea vitu vyake, hatuipingi. Lakini siku ambayo kontrakta ataruhusiwa kuwakodi vijana wa kifungoni wamjengee nyumba, siku hiyo waashi wetu watalala njaa, na vijana wale watakuwa watumwa.

Kwa jambo hili tuna ngao. Mkataba nambari 29 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1930, ambao Kenya iliutia sahihi mwaka 1964, wasema kazi ya mfungwa haihesabiwi kuwa ya kushurutishwa ikiwa imetokana na hukumu ya mahakama, ikiwa yasimamiwa na wakuu wa Serikali, na ikiwa mfungwa hakukodishwa kwa watu binafsi au makampuni. Na zile kanuni za 1990 zasema mafunzo ya kijana yasiwekwe chini ya tamaa ya faida, iwe ya kituo chenyewe au ya mtu mwingine.

Basi tusichanganye mambo mawili. Kijana akiwa ndani, asikodishwe. Akiwa nje, alipwe mshahara wa mapatano kama sisi, aandikwe katika chama kama sisi. Njia ya kuzuia asitumiwe kutuangusha si kumfukuza langoni. Aliyefukuzwa langoni ndiye atakayekubali kazi ya nusu mshahara nyuma ya kiwanda.

"NA WATOTO WETU JE?"

Kuna neno ambalo tumelisikia, na ni neno zito. Mzazi mmoja kati yetu asema: mwanangu amemaliza shule, hakuiba, hakupiga mtu, naye amekaa nyumbani bila kazi. Kwa nini aliyevunja sheria apewe ufundi bure, tena chama kimtafutie kazi?

Hatumlaumu mzazi huyo. Ana haki ya kuuliza. Wala hatumsahau aliyeibiwa wala aliyeumizwa; machozi yake ni ya kweli. Lakini twamwomba mzazi atazame mambo matatu.

La kwanza, kijana yule atatoka. Hukumu za vijana hawa ni za miezi au miaka michache. Kama atatoka ama hatatoka si swali. Swali ni kwamba atatoka na nini mikononi.

La pili, kijana wa mzazi anayesema hivyo na kijana wa kifungoni wametoka mtaa mmoja mara nyingi. Wote wawili wakosa kazi kwa sababu moja: nafasi za uanagenzi ni chache. Tukigombana nani apate nafasi moja, mwajiri hucheka. Tukidai nafasi ziwe nyingi, sote twapata.

La tatu, pesa za mafunzo zipo. Waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyi kazi kwa mwezi, nao hupelekwa NITA. Kiwanda chenye watu 200 hulipa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani shilingi 120,000 kwa mwaka. Na mwajiri anayefundisha watu aweza kudai arudishiwe gharama. Basi tunapomwambia mwajiri achukue wanagenzi, hatumwombi sadaka. Twamwambia atumie alichokwisha kulipa.

TUNAYOLETA MBELE YENU

Ndugu wanachama, hatukuja kusoma habari tu kisha tunywe chai twende zetu. Kamati yaleta mambo matano, nanyi mtayakubali au kuyakataa kwa kura.

1. Tawi liombe viongozi wa juu wawaandikie wawakilishi wa wafanyi kazi katika NITA, wadai kwamba kila kijana anayefundishwa ufundi katika Borstal, shule ya marekebisho au gereza afanyiwe mtihani wa gredi kabla ya kutoka, na cheti chake kisionyeshe mahali alipofundishiwa.

2. Katika mapatano yajayo tudai nafasi za uanagenzi zilizoandikwa kwa mkataba. Katika kila nafasi 5 tutakazopata, 4 ziwe za vijana wote wanaoomba, na 1 iwekwe kwa kijana aliyetoka kifungoni na kufaulu mtihani ule ule. Asipopatikana wa namna hiyo, nafasi isipotee, apewe mwingine.

3. Tuanzishe mfuko wa zana. Mwanachama atoe shilingi 20 mara moja. Tukiwa 300, hizo ni shilingi 6,000, na zaweza kuanza kununua zana za mkono. Kijana akopeshwe zana, alipe kidogo kidogo kutoka katika mshahara wake, na mwingine akopeshwe kwa pesa hizo hizo. Ni mkopo, si sadaka, kwa kuwa aliyepewa mkopo ameaminiwa.

4. Mafundi wetu wenye Gredi ya Kwanza waandikishe majina yao, na chama kiwaombee ruhusa kwa wakuu wa magereza, waende Jumamosi moja kwa mwezi kufundisha. Kijana akimjua fundi mmoja wa nje kabla hajatoka, siku ya kutoka ana mlango wa kubisha.

5. Chama kiwe macho. Mwanachama akiona vijana wa kifungoni wakifanya kazi ya mtu binafsi au ya kampuni, alete habari ofisini siku hiyo hiyo, aseme mahali na saa. Jambo hilo tutalipeleka mbele kwa sheria.

Jambo la pili ndilo litakalotugharimu. Twajua waajiri hawatalipenda, na twajua baadhi yenu hamlipendi pia. Katika meza ya mapatano kila dai lina bei yake, na aliye na haraka ya mshahara aweza kusema nafasi hii moja katika tano iachwe ili tupate senti kidogo zaidi. Kamati yawaomba msiiache. Mshahara utadaiwa tena mwakani. Kijana anayetoka mwaka huu hatangoja mwakani.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Wengi huitumia methali hii kumwambia mzazi amchape mtoto. Sisi twaisoma kwa namna nyingine: anayekunja lazima awe na mikono, na mikono ya kufundisha kazi ni mikono ya wafanyi kazi. Askari aweza kumlinda kijana asitoroke. Hakimu aweza kumhesabia siku. Lakini kumfanya awe mwashi, seremala au fundi wa umeme, na kumsimamisha katika mstari wa mshahara mwisho wa mwezi akiwa na kadi ya chama mfukoni, hiyo ni kazi yetu.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Twaomba maswali yaulizwe sasa, kisha kura ipigwe kwa kila jambo peke yake, na hesabu ya mikono iandikwe katika kitabu cha mkutano.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu